Feni Ipi Inafaa Chumba Kidogo?

Pepo za kaskazi zikivuma, kuanzia Desemba mpaka Machi, sisi watu wa Pwani tunajua habari zake. Mchana bati linawaka. Usiku kuta zinatoa joto lililoingia mchana. Chumba ni cha mita 3 kwa 3, na ndani wanalala watu watatu au wanne. Mtoto anajigeuza huku na huku, jasho linamtoka, usingizi hauji. Mwisho mama anafanya nini? Anakifunua chandarua, ati mtoto apate hewa. Mbu nao wanapata nafasi. Baada ya siku kumi au kumi na tano mtoto anachemka homa, na safari ya zahanati inaanza.

Kwa hiyo habari ya feni si habari ya anasa. Ni habari ya usingizi, ya afya, na ya fedha yetu.

Zamani feni ilikuwa kitu cha mjini. Siku hizi umeme umefika katika vijiji vingi kwa kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA. Wakala huo uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005, ukaanza kazi mwaka 2007. Sasa feni tunazikuta hata kwenye magulio. Lakini wengi wetu tunanunua kwa macho tu. Tunaona feni kubwa, inang'aa, bei nafuu, basi tunaibeba. Tukifika nyumbani tunakuta haifai chumba chetu, au inakula uniti kama mchwa. Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Leo tujifunze kuchagua.

FENI INAFANYA KAZI GANI?

Wengi tunaamini kwamba feni inatengeneza baridi. Si kweli. Feni haipozi chumba, inapoza mtu.

Tukumbuke kipepeo cha ukili cha bibi zetu. Je, kipepeo kile kilikuwa na baridi ndani yake? Hapana. Kilisukuma hewa tu. Mwili wetu hutoa joto na jasho. Hewa iliyo karibu na ngozi hupata joto na unyevu, halafu hukaa palepale. Jasho haliwezi kukauka vizuri, na sisi tunaona tabu. Upepo ukija unaiondoa hewa ile na kuleta nyingine. Jasho linakauka, na linapokauka huondoka na joto la mwili.

Tufanye jaribio dogo. Lowesha mkono mmoja kwa maji, mwingine uache mkavu. Ipepee mikono yote miwili. Mkono upi unasikia baridi zaidi? Ni ule wenye maji. Hiyo ndiyo kazi ya feni.

Sasa, kama feni inapoza mtu, mbona tunaiacha inazunguka katika chumba kisicho na mtu? Inapoza kitanda? Kumbe tunatupa uniti bure. Tena mota ya feni yenyewe inatoa joto kidogo. Tukitoka chumbani, tuzime.

Jambo jingine ni hili. Hewa ikiwa na joto kali sana, feni inatupulizia joto lile badala ya kuliondoa. Shirika la Afya Duniani linashauri feni itumike pale tu joto la hewa likiwa chini ya nyuzi 40 za Selsiasi. Joto la Pwani yetu kwa kawaida halifiki huko. Tabu yetu kubwa ni unyevu, na hapo feni inasaidia sana. Lakini mtoto mdogo, mzee au mgonjwa akizidiwa na joto, tusitegemee feni peke yake. Tumnyweshe maji, na tumpanguse mwili kwa kitambaa kilicholoweshwa. Mtoto aliye chini ya miezi sita anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Mtu akianza kuchanganyikiwa au kuzimia, tumpeleke zahanati mara moja.

KWANZA TUTAZAME DIRISHA

Kabla ya kwenda dukani, tukitazame chumba chetu. Kina dirisha? Je, dirisha linafunguka, au limezibwa na kabati? Chumba kikifungwa pande zote, feni itazungusha hewa ileile ya joto. Hewa inataka njia mbili: pa kuingilia na pa kutokea. Dirisha likiwa upande huu na mlango au tundu la hewa upande wa pili, chumba kinapumua. Madirishani tuweke wavu wa kuzuia mbu.

Jioni nje kunapoanza kupoa, feni ya kusimama inaweza kutusaidia kutoa joto la mchana. Tuiweke karibu na dirisha, uso wake utazame nje, na mlango tuuache wazi kwa muda wa nusu saa. Feni itasukuma hewa ya joto nje, na hewa ya nje iliyopoa itaingia kwa mlango. Wakati wa kulala tunaigeuza itupulizie sisi.

AINA ZA FENI

Feni za nyumbani ni za aina nne hasa.

Ya kwanza ni pangaboi, yaani feni ya dari. Hii inapuliza upepo chumba kizima, na haichukui nafasi chini. Lakini inataka dari ya juu. Kutoka sakafuni mpaka kwenye mapanga pasipungue mita 2.3. Pangaboi pamoja na fimbo yake huchukua sentimita 30 hadi 50. Kwa hiyo kama dari yako ina mita 2.4 tu, pangaboi halikufai. Mtu akinyoosha mikono kuvaa shati, ataumia. Na kama watoto wanalala kitanda cha ghorofa, hatari ni kubwa zaidi. Tena liningʼinizwe kwenye boriti imara, si kwenye silingibodi. Nyumba ya bati isiyo na dari ina tabu nyingine: mchana pangaboi linashusha chini joto lililojikusanya chini ya bati.

Kama dari inatosha, tutazame upana wa mapanga. Kwa chumba cha mita 3 kwa 3, pangaboi la inchi 48, yaani sentimita 120, linatosha. Chumba kidogo zaidi kinatosheka na la inchi 36, yaani sentimita 90. La inchi 56 ni la sebule.

Ya pili ni feni ya kusimama. Hii tunaihamisha tupendavyo: sebuleni mchana, chumbani usiku. Ubaya wake ni kwamba inachukua nafasi, na watoto huiangusha.

Ya tatu ni feni ya ukutani. Hii inafaa sana chumba kidogo. Haichukui nafasi, na watoto hawaifikii. Lakini ukuta uwe imara. Ukuta wa udongo hauishiki skrubu vizuri, ila ikifungwa kwenye nguzo.

Ya nne ni feni ya mezani. Ni ndogo na nyepesi, na yafaa mtu mmoja au wawili.

FENI NA CHANDARUA

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Feni si badala ya chandarua. Upepo unamsumbua mbu, lakini haumzuii. Umeme ukikatika saa 8 usiku, mbu atakuwepo. Kwa hiyo tunataka feni itakayotuwezesha kulala ndani ya chandarua, bila kukifunua shauri ya joto.

Chandarua kinazuia sehemu kubwa ya upepo. Kwa hiyo feni iwe karibu na kitanda. Pangaboi liko mbali, na upepo wake unapiga juu ya chandarua. Tena kamba za chandarua zilizofungwa darini zinaweza kunaswa na mapanga.

Feni ya kusimama au ya ukutani inapuliza kwa ubavuni, pale mtu alipolala. Tuiweke kiasi cha mita moja kutoka kitandani, juu kidogo ya usawa wa godoro. Chandarua kisiguse feni, hasa upande wa nyuma. Feni huvuta hewa kwa nyuma, na nguo ikivutwa pale inaziba njia, mota inapata moto. Tukichomekea chandarua chini ya godoro, upepo hautakipeperusha.

TUPIGE HESABU YA UNITI

Kila feni ina kibandiko kinachoonyesha wati zake. Tusinunue kabla ya kukisoma. Hesabu yake ni nyepesi. Zidisha wati kwa muda wa matumizi, halafu gawa kwa 1000. Jibu ni uniti.

Tuseme tunawasha feni kuanzia saa 3 usiku mpaka saa 11 alfajiri. Huo ni muda wa saa 8.

Feni ya kusimama ya wati 50: 50 mara 8 ni 400. Gawa kwa 1000, unapata uniti 0.4 kwa usiku. Kwa siku 30 ni uniti 12.

Pangaboi la kawaida la wati 75: 75 mara 8 ni 600, yaani uniti 0.6 kwa usiku. Kwa siku 30 ni uniti 18.

Siku hizi kuna feni zenye mota ya aina mpya. Kwenye boksi huandikwa BLDC. Pangaboi la namna hii hutumia kiasi cha wati 30 tu. Kwa hesabu ileile ni uniti 7.2 kwa mwezi. Bei yake dukani ni kubwa zaidi, lakini kila mwezi inaokoa uniti 10.8 ukilinganisha na pangaboi la kawaida. Zidisha uniti hizo kwa bei unayonunulia LUKU, uone zitarudisha fedha yako baada ya miezi mingapi.

Na kiyoyozi je? Kiyoyozi cha wati 900, kikifanya kazi saa 8 bila kupumzika, kinakula uniti 7.2 kwa usiku mmoja. Hizo ni sawasawa na uniti za feni ile ya wati 30 kwa mwezi mzima.

WENYE UMEME WA JUA

Kwa wenye umeme wa jua, zipo feni za volti 12. Feni ya wati 15 ikifanya kazi saa 8 inatumia wati-saa 120. Gawa kwa volti 12, unapata ampea-saa 10. Betri ya asidi isitumike zaidi ya nusu, maana itakufa mapema. Kwa hiyo feni hiyo peke yake inataka betri ya ampea-saa 20, mbali na taa na simu. Tena feni ya volti 12 isichomekwe kabisa kwenye umeme wa TANESCO wa volti 230. Itaungua palepale.

TUKIFIKA DUKANI

Tusione haya kuuliza na kujaribu. Fedha ni yetu.

1. Tuombe feni iwashwe katika mwendo wote, mdogo mpaka mkubwa. Tusikilize. Ikigonga au kutetemeka dukani, nyumbani haitatulia.

2. Tusome kibandiko. Iandikwe volti 220 hadi 240 na Hz 50, na tuone nembo ya TBS.

3. Tutazame wavu wa mbele. Kidole cha mtoto kisipite.

4. Tuitikise stendi. Ikiwa nyepesi mno, itaanguka.

5. Tuulize vipuri. Feni nyingi zinazoanza kuzunguka kwa uvivu zimeharibika kapasita tu. Fundi akiipata, feni inapona.

6. Tudai risiti na karatasi ya dhamana, na tuzitunze.

TUJILINDE

Umeme hauna urafiki. Tuache ule mtindo wa kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kijiti au kalamu ili plagi ya miguu miwili iingie. Tununue plagi ya miguu mitatu, fundi aifunge. Waya usipitishwe chini ya mkeka wala godoro. Tusishike feni kwa mikono yenye maji. Radi zikianza, tuchomoe plagi. Kila mwezi tuchomoe feni na kufuta vumbi kwenye mapanga, maana vumbi linapunguza upepo na kuichosha mota.

Basi, kwa chumba cha mita 3 kwa 3, chenye dari fupi na kitanda chenye chandarua, sisi tunashauri feni ya ukutani au ya kusimama yenye wati chache, karibu na kitanda, dirisha likiwa wazi. Mtoto atalala, chandarua kitabaki chini ya godoro, na mbu atakaa nje.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini tunasema feni haipozi chumba?

2. Pima dari ya chumba chako. Je, pangaboi linafaa?

3. Feni ya wati 60 inawashwa saa 8 kila usiku. Kwa siku 30 itatumia uniti ngapi?

4. Nyumbani kwako feni na chandarua vinapatana au vinagombana? Mtarekebisha nini?