Kitabu cha picha kilichotumika: jinsi ya kukipima kabla ya kukivusha mpaka

Vitabu vya picha vya watoto vilivyotumika ni mzigo mdogo unaodanganya macho. Gunia moja likifunguliwa Nyamyumba, wilayani Rubavu, vyote huonekana vya bei moja. Vikifika kwa mteja, upande wa Gisenyi au wa Goma, vingine hununuliwa haraka na vingine hurudi na mwenyewe. Faida au hasara huamuliwa wakati wa kuchambua, kabla gari halijaondoka.

Lugha kwanza

Jambo la kwanza la kuangalia ni lugha, kwa sababu pande mbili za mpaka hazisomeshi kwa lugha moja. Rwanda iliamua mwaka 2008 kuacha Kifaransa kama lugha ya kufundishia na kuchukua Kiingereza. Kongo imebaki na Kifaransa. Kwa hiyo kitabu cha Kifaransa ambacho hakina haraka ya mteja Gisenyi kinaweza kupata mzazi wa kukinunua Goma, ng'ambo ya mpaka. Cha Kiingereza au Kinyarwanda ni bora kibaki Rwanda. Cha Kiswahili kina wasomaji pande zote mbili.

Hesabu picha, si kurasa tu

Kitabu cha hadithi chenye kona iliyokunjika bado kinasomeka. Kitabu cha picha kilichokatwa picha moja kimeharibika, kwani picha ndiyo inayobeba hadithi. Mfanyabiashara anashauriwa kufungua kila kitabu kuanzia mwanzo hadi mwisho na kuangalia haya:

- Kurasa zilizochanwa au picha zilizokatwa kwa mkasi.
- Michoro ya kalamu. Penseli hufutika, kalamu ya wino haifutiki.
- Vidirisha vya kufunua na picha zinazosimama. Hivi hung'oka mapema kuliko kitu kingine.
- Mgongo wa kitabu na pini za katikati. Pini zikipata kutu, karatasi huoza pembeni mwake.
- Ukungu. Nyamyumba iko kando ya Ziwa Kivu na unyevu hauko mbali. Kitabu chenye harufu ya ukungu kitengwe siku hiyo hiyo, maana huambukiza vingine ndani ya gunia.
- Mhuri. Kitabu chenye mhuri wa shule au maneno ya kukataza kuuzwa kisinunuliwe kabisa. Kinaweza kukamatwa kama mali ya wizi.

Baada ya hapo vitabu vigawanywe mafungu matatu: vizima, vya wastani (vina alama lakini picha zote zipo), na visivyouzika.

Mfano wa hesabu

Tuseme gunia la vitabu 100 limenunuliwa kwa faranga 60,000 za Rwanda, na usafiri ni faranga 10,000. Jumla ni 70,000. Ukigawa kwa 100, kila kitabu kimegharimu 700. Lakini kama 20 havifai, vinavyouzwa ni 80, na gharama ya kweli ni faranga 875 kwa kimoja. Anayeuza kwa 800 akidhani anapata faida ya 100 anapoteza 75 kwa kila kitabu.

Cha zamani si lazima kiwe ghali

Mara chache gunia huwa na kitabu cha kutafutwa na wakusanyaji. Umri wake husomwa ndani, si kwa uchakavu wa jalada. Namba ya ISBN yenye tarakimu 13 ilianza kutumika Januari 2007. Yenye 10 peke yake kwa kawaida ni ya kabla ya hapo. Katika vitabu vya katuni vya Tintin, orodha iliyo nyuma ya jalada husaidia: ikiwa na "Tintin et les Picaros", kilichotoka 1976, nakala hiyo haikuchapwa kabla ya mwaka huo, hata kama hadithi yenyewe ni ya miaka ya 1930. Nakala ya zamani yenye ukurasa uliopotea hushuka bei sana.

Forodhani

Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa (HS), vitabu vya picha na vya kupaka rangi vya watoto viko kifungu 4903. Vitabu vingine vingi viko 4901. Kipimo ni hiki: kama picha ndizo jambo kuu na maneno ni ya kusindikiza, ni 4903. Hadithi ndefu yenye picha chache haimo. Ni vizuri kutenganisha mafungu hayo na kumwonyesha wakala wa forodha kabla ya kujaza karatasi.

Aidha, vitabu visichanganywe na mitumba ya nguo. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo zilizotumika kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na gunia lililochanganywa huleta mabishano.

Utaratibu rahisi wa COMESA kwa wafanyabiashara wadogo unahusu bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Kitabu kilichochapwa Ubelgiji hakigeuki kuwa cha Rwanda kwa sababu kimesomwa Gisenyi. Mahali pa uchapaji huandikwa kurasa za mwanzo au za mwisho, na hapo ndipo pa kuangalia.

Kuhusu safari yenyewe, mpaka wa Gisenyi na Goma ulivurugwa na korona mwaka 2020 na tena M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025. Msafirishaji aulize saa za kuvuka siku ile ile anayopakia, na vitabu avifunge ndani ya plastiki. Mvua moja njiani inatosha kuhamisha fungu la kwanza kuwa la tatu.