Siku 60 za Leta: Kwa nini barabara za Maniema hazikudumu

Uchumi wa dunia ulipoanguka kuanzia mwaka 1929, serikali nyingi zilijibu kwa kuanzisha kazi za umma. Marekani ndiyo inayotajwa zaidi: shirika la WPA, lililoundwa 1935, liliajiri watu wapatao milioni 8.5 hadi lilipofungwa 1943, likawalipa mshahara wajenge barabara, shule na viwanja vya ndege. Maniema, mashariki mwa Kongo, nayo ilijengwa sana katika miaka hiyo. Barabara zilikatwa msituni, vijiji vikasogezwa kandokando yake, na mwaka 1939 reli ya Kindu ikaunganishwa na ile ya Kabalo kwa daraja la Kongolo. Lakini aliyegharimia hakuwa yule yule. Kule, hazina ya serikali ilimlipa mtu aliyekosa kazi. Huku, mkulima aliyekuwa na kazi tele shambani aliibeba hazina ya serikali mgongoni. Hoja yangu ni kwamba tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa kiasi kikubwa kwa nini kazi za enzi hiyo zilituachia njia nyingi na uwezo mdogo wa kuzitunza.

Tuanze na fedha. Bei ya shaba na ya mazao iliposhuka, bajeti ya Kongo ya Mbelgiji ilipungukiwa, hata Brussels ikaanzisha Bahati Nasibu ya Koloni mwaka 1934 kusaidia kuziba pengo. Pengo lililobaki lilizibwa vijijini. Amri ya tarehe 5 Desemba 1933 iliyopanga upya utawala wa machifu iliruhusu kila mwanamume mzima kutozwa hadi siku 60 za kazi kwa mwaka: kulima mazao yaliyoamriwa, ambayo huku Maniema yalikuwa hasa pamba na mpunga, kufyeka na kusafisha kijiji, kujenga nyumba za kulala wakubwa wa Leta (serikali ya kikoloni) safarini, na kutengeneza njia za eneo la chifu. Sehemu kubwa ya kazi hizo haikuwa na malipo. Aliyekataa alikabiliwa na faini au kifungo, na gerezani kulikuwa na fimbo. Idadi ile ya siku 60 ni sawasawa na kikomo kilichowekwa na Mkataba namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1930, mkataba ambao lengo lake lilikuwa kuikomesha kazi ya kulazimishwa. Vita vilipokuja, siku hizo ziliongezwa hadi 120 mwaka 1942. Mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki ameonyesha kwamba mfumo wa uchumi wa koloni uliundwa hasa katika mdororo huo, kwa kumtwika mwanakijiji gharama ambazo makampuni na serikali havikutaka kuzibeba.

Na barabara hizo zilimtumikia nani? Kampuni ya Symétain iliundwa mwaka 1932 kuchimba bati katika eneo la Kalima, na bati hilo lilihitaji njia ya kufika Kindu, penye reli na bandari ya Lualaba. Reli ya Kindu hadi Kongolo, yenye kilomita 355, ilikuwa imekamilika tangu mwisho wa 1910 ili kukwepa maporomoko ya mto. Lakini hadi 1939 mizigo ilipakuliwa Kongolo na kupandishwa melini hadi Kabalo kabla ya kushika reli ya kwenda Albertville, Kalemie ya leo. Faida ya daraja kwa wasafirishaji ilikuwa kubwa, na mkulima naye alipata njia ya kufikisha mpunga sokoni. Hilo sikatai. Ninachosema ni kwamba njia ilifuata bati na pamba, na kijiji kikaambiwa kiifuate njia. Hakuna aliyewauliza wenyeji njia ipite wapi, na kazi ya kuitunza ikaachiwa vijiji.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Adui mkubwa wa barabara ya udongo mwekundu ni maji yasiyo na pa kwenda. Mgongo wa barabara lazima uinuke katikati ili mvua iteremke pembeni. Mitaro ya pembeni lazima izibuliwe kila mara, maana majani ya mvua moja yakiachwa, mvua inayofuata hupita katikati ya njia na kuchimba korongo. Baada ya mvua kubwa, kizuizi hufungwa ili malori mazito yasikanyage udongo kabla haujakauka. Kazi hiyo haihitaji mashine kubwa; inahitaji kantonye, yaani mtunza barabara, mwenye jembe, koleo na kipande chake cha njia, aliyepo leo na kesho. Zamani kila kijiji kilipewa kipande, na chifu akaulizwa kikiharibika. Mfumo mzima ulisimama juu ya hofu. Ukoloni ulipoondoka mwaka 1960 ukiacha mtandao wa barabara unaokadiriwa kuwa kilomita 145,000 nchini, hofu iliondoka pia, na mahali pake hapakuwekwa mshahara wa kudumu.

Kuna watakaosema kwamba kilichoua barabara ni vita na ubadhirifu. Ni kweli kwamba Maniema iliumizwa na uasi wa 1964 na vita vya 1996 hadi 2003. Lakini itazame reli. Nayo ilipita katika vita hivyo hivyo, na wengi waliteseka chini ya kampuni yake. Ila ilikuwa na karakana na vikundi vya mafundi waliolipwa kila mwezi, na ingawa safari zilikatika wakati wa vita, treni ilirudi Kindu hata pale malori yalipokwama. Malipo ya wafanyakazi wa SNCC, shirika la reli la taifa, yalipolimbikizwa miaka na miaka, reli nayo ikadhoofika. Wengine hutetea salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha na kufyeka, wakisema kusaidiana ni desturi yetu. Kusaidiana ni desturi, ndiyo. Lakini salongo ya miaka ya 1970 iliitishwa na dola kwa amri, na Jumamosi moja ya kufyeka haiwezi kuchukua nafasi ya mtu anayeutazama mtaro kila siku. Wengine tena husema bila shuruti njia zisingejengwa kabisa. Marekani ilijenga kwa mshahara katika mdororo uleule. Bila shaka ilikuwa tajiri zaidi. Lakini jembe la kantonye si gharama inayoishinda nchi yenye madini.

Sheria ipo tayari: mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, FONER, uliundwa 2008, na mfumo wa kamati za wenyeji za kutunza njia umekwisha jaribiwa. Zaidi ya kilomita 86,000 za barabara za nchi hii ni za kuhudumia kilimo, na ndizo zinazomfikisha muuza mpunga mjini. Kwa hiyo bunge la jimbo na lidai jambo moja kabla ya kupokea greda nyingine: fungu la mishahara ya makantonye, kuanzia Alunguli, mjini Kindu, kuelekea Kalima, lilipwe kila mwezi na kutangazwa hadharani kijiji kwa kijiji. Babu zetu walilazimishwa kujenga njia, mara nyingi bila malipo. Wajukuu wao walipwe kuzitunza.