Unanyonyesha na unaambiwa "umejiajiri"? Fahamu haki ya muda wako kazini

Akina mama wengi hurudi kazini mtoto akiwa bado mchanga, na kazi yenyewe haina barua ya ajira. Wengine hushona kwa malipo ya kila nguo, wengine hufanya usafi maofisini kupitia wakala, wengine huuza bidhaa kwa kamisheni. Wakibakizwa hadi usiku bila malipo na wakauliza, huambiwa: "Wewe si mwajiriwa, umejiajiri." Hapa tunaeleza saa hizo zinavyogusa afya yako na ya mtoto, na sheria ya Tanzania Bara inasemaje.

Saa nyingi zinafanya nini mwilini?

Maziwa hutengenezwa kadiri yanavyotoka. Titi likikaa muda mrefu bila kunyonywa wala kukamuliwa, hujaa na kuuma, na mirija inaweza kuziba. Hali hiyo ikiendelea, maziwa hupungua, na mtoto wa chini ya miezi 6 huanza kupewa uji kabla ya wakati.

Mama naye huumia. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kiharusi kwa takriban asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na saa 35 hadi 40.

Je, kweli umejiajiri?

Jina lililoandikwa kwenye mkataba si neno la mwisho. Kwa Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, unachukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, kama lipo hata jambo moja kati ya haya:

- unaelekezwa namna ya kufanya kazi;
- unapangiwa saa za kazi;
- kazi yako ni sehemu ya shughuli za taasisi hiyo;
- umemfanyia kazi mtu huyo wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita;
- unamtegemea kiuchumi;
- anakupa vifaa vya kazi;
- unamfanyia kazi yeye peke yake.

Ukiwa mwajiriwa, una haki gani?

Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004:

- saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki;
- saa za ziada ni kwa makubaliano, hazizidi 50 katika wiki 4, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida;
- mama anayenyonyesha hupewa hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi;
- mama hapangiwi kazi ya usiku kwa miezi 2 baada ya kujifungua.

Kama kweli unajipangia saa, una vifaa vyako na wateja kadhaa, haki hizi hazikuhusu. Patana mapema kuhusu siku ya kumaliza kazi na bei ya kazi inayoongezeka, na mwandikiane.

Ufanye nini?

1. Andika kwenye daftari saa ya kuingia na kutoka kila siku. Tunza jumbe za simu unazotumiwa kuhusu kazi.
2. Zungumza na msimamizi kuhusu muda wa kunyonyesha. Ukiweza, nenda na mwenzako.
3. Usipolipwa, peleka madai Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usikawie, kwani madai ya malipo hupelekwa ndani ya siku 60.
4. Ukiwa mbali na mtoto, nawa mikono na kamua maziwa kila baada ya saa 3 hivi. Yatunze kwenye chombo safi chenye mfuniko. Nje ya friji yatumike ndani ya saa 4, na mapema zaidi kukiwa na joto kali. Mlezi amnyweshe mtoto kwa kikombe safi.

Nenda kituo cha afya mapema ikiwa:

- titi ni jekundu, lina joto na una homa;
- mtoto anakojoa mara chache au haongezeki uzito;
- una huzuni au hukosi usingizi tu bali hata hamu ya kumshika mtoto, kwa zaidi ya wiki 2.

Ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu wa karibu na uende siku hiyo hiyo.