Wati Nyingi, Sauti Kiduchu: Soma Hii Kabla Hujapeleka Boom Kariakoo

Boom likiingia, wengi wetu tunawaza mambo mawili: kulipa madeni ya chakula na kuvuta muziki wa geto. Mwaka wa kwanza, mimi na mwenzangu wa chumba tulichanga, tukashuka Kariakoo, tukarudi na boksi lililoandikwa wati 8,000. Wiki ya tatu, kwenye bethidei ya jirani, tukafungulia sauti mpaka mwisho. Twita ikalia "tiii", kisha kimya. Hela ya kula ya mwezi mzima ikawa imekwenda hivyo.

Aliyetufungua macho ni fundi mmoja mzee wa Gerezani tuliyempelekea ile maiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Haya, geuzeni hicho chombo msome mgongoni."

Nyuma kulikuwa na kibandiko kidogo: volti 230, wati 60.

"Sasa," akasema, "chombo kinachokula wati 60 ukutani kitatoaje 8,000 mdomoni?"

Hatukuwa na jibu. Zile 8,000 ni hesabu ya PMPO, yaani kishindo cha kufumba na kufumbua ambacho kila kiwanda hukipima kinavyotaka. Kipimo cha kuulizia dukani ni RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo. Na twita yetu haikuuawa na wati nyingi. Amplifaya ilikuwa dhaifu, tukailazimisha kupita uwezo wake, ikaanza kukata vichwa vya mawimbi ya sauti. Sauti iliyokatwa hivyo hubeba makali mengi ya juu, na mzigo wote huo huishia kwenye twita.

Wati si sauti

Simama Mtaa wa Kongo asubuhi. Kile kipaza sauti cha machinga kinachorudia bei ileile kutwa nzima kinatumia betri tu, lakini unakisikia toka ng'ambo ya barabara. Siri ni ule mdomo wa tarumbeta. Unaisaidia spika ndogo kuisukuma hewa vizuri, hivyo umeme kidogo unageuka sauti nyingi. Huo ndio tunauita ufanisi wa spika.

Ufanisi hupimwa hivi: spika inapewa wati 1, kisha sauti yake inapimwa umbali wa mita 1, kwa desibeli. Spika ndogo za mezani hutoa kama desibeli 85. Spika kubwa za ukumbini hufika 95 mpaka 100, na za tarumbeta huvuka hapo.

Tofauti ya 85 na 98 inaonekana ndogo, lakini tupige hesabu. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu za ziada. Ukizidisha mara kumi unapata 10, na hapo ndipo sikio huona sauti imekuwa kama maradufu. Kwa hiyo spika ya desibeli 85 ikipewa wati 100 inafika 105. Spika ya desibeli 98 inafika 105 hiyohiyo kwa wati 5. Rudia kusoma: wati 5.

Hapo ndipo valvu zinapoingia

Mezani kwa yule mzee kulikuwa na amplifaya ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani kama taa. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, redio zote zilikuwa za namna hiyo, na nyingi hazikuvuka wati chache. Baadaye transista zikazifukuza kwa kuwa ndogo, rahisi na baridi. Ila valvu hazikufa. Mpaka leo zinatengenezwa China, Urusi na Slovakia, na wapo wanaozipenda kwa sababu zikizidiwa huharibu sauti polepole, tofauti na transista inayokata ghafla.

Mzee akaiwasha, tukasubiri kidogo ipate moto. Ilikuwa na valvu moja ya EL84 kwa kila upande, ambayo ni kama wati 5. Akaiunga na maboksi yake ya zamani yenye spika za inchi 12. Dansi likajaa kibanda kizima mpaka majirani wakageuka. Kisha akahamishia waya kwenye spika zetu ndogo, na muziki uleule ukasinyaa.

Ukitaka kwenda njia hiyo, shika haya.

Kwanza, anza na spika. Kwa valvu moja ya EL84, au 300B inayotoa kama wati 8, tafuta spika ya desibeli 95 kwenda juu. Kama spika yako ni ya 88 na chumba ni kikubwa, utahitaji jozi ya EL34, ambayo huweza kutoa wati 30 na zaidi. Acha na akiba, maana ngoma na besi hupanda ghafla.

Pili, linganisha ukinzani. Nyuma ya amplifaya ya valvu huwa kuna matundu ya omu 4, 8 na pengine 16. Spika ya omu 8 inaingia kwenye 8. Na usiiwashe kamwe bila spika, transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Tatu, inyanyue. Amplifaya ya valvu ya kweli ina transfoma za chuma, ni nzito. Kile kidude chepesi kama daftari chenye vivalvu viwili vinavyong'aa, mara nyingi kazi ya nguvu inafanywa na chipu, vile vioo ni mbwembwe.

Nne, soma volti. Mashine ya mtumba kutoka Japani ni ya volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 yetu, umeizika.

Tano, usifungue mfuniko. Ndani kuna volti 300 na zaidi, na kapasita hushikilia umeme hata ukishachomoa waya. Mwachie fundi.

Sisi hatukununua valvu, bei ilitushinda. Boom la pili tulinunua spika kubwa za mtumba zenye ufanisi mzuri, tukaziunga na amplifaya ya kawaida ya wati 20. Bethidei zimepita nyingi, na hatujawahi kuzungusha kitufe kupita nusu.

Kwa hiyo ukifika dukani na muuzaji akaanza kukutajia maelfu ya wati, mwombe ageuze chombo usome kibandiko. Kisha muulize: spika hii ni ya desibeli ngapi? Akishindwa kujibu, bado una nauli ya kurudi na hela yako mfukoni.