Thailand na Kambodia: ramani ya mwaka 1907 ingali inamwaga damu

Juu ya mwamba wenye urefu wa mita zaidi ya 500, katika milima ya Dangrek, kuna hekalu la Preah Vihear. Wafalme wa Khmer walilijenga karibu miaka elfu moja iliyopita kwa ajili ya Shiva, mungu wa Wahindu. Hekalu hili ndilo jina kubwa katika ugomvi wa mpaka kati ya Thailand na Kambodia.

Chanzo ni ukoloni. Mwaka 1904, Ufaransa, iliyokuwa ikitawala Kambodia, ilipatana na Siam, ndiyo Thailand ya leo, kwamba mpaka ufuate mgongo wa milima, pale maji ya mvua yanapogawanyika. Lakini ramani iliyochorwa na maofisa Wafaransa mwaka 1907 iliweka hekalu upande wa Kambodia. Siam ilipokea ramani hiyo na ikanyamaza kwa miaka mingi.

Ukimya huo uliigharimu. Kambodia ilipopata uhuru, Thailand ilikuwa imeweka walinzi hekaluni. Kesi ikafika mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini La Haye, na tarehe 15 Juni 1962 majaji 9 dhidi ya 3 wakaamua kuwa hekalu ni la Kambodia. Thailand iliondoka, lakini uamuzi haukugusa mpaka wote, wenye kilomita zipatazo 800.

UNESCO ilipoliandikisha hekalu katika urithi wa dunia mwaka 2008, askari wakaanza kurushiana risasi, hadi 2011. Mwaka 2013 mahakama ikarudia: kilima chote chenye hekalu ni cha Kambodia.

Hata hivyo, mwezi Julai 2025 vita viliwaka kwa siku tano, na watu zaidi ya 250,000 wakakimbia makwao pande zote mbili. Mapigano yalisimamishwa nchini Malaysia tarehe 28 Julai, yakazuka upya Desemba, yakasimamishwa tena tarehe 27 mwezi huo.

Kambodia inataka kurudi La Haye. Thailand inakataa, inasema mambo yamalizwe na tume ya pamoja ya mipaka. Hata ramani hawatumii moja. Kwenye ile ya Wafaransa, milimita 1 ya karatasi ni mita 200 za ardhi. Mstari ukisogea kidogo tu, shamba la mtu linahamia nchi nyingine.

Wakongo wanaijua mahakama hiyo: ndiyo iliyoamuru Uganda, mwaka 2022, kuilipa RDC dola milioni 325. Majaji wanaweza kusema ardhi ni ya nani. Kusimika nguzo za mpaka, na kuwarudisha wakaaji mashambani bila hofu, ni kazi ya majirani wenyewe.