Kizuri Chajiuza, Ila Kwanza Kionekane

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walinena wazee wetu. Lakini wazee hao waliuza na kununua katika miji ambayo mtu aliweza kuizunguka kwa miguu kabla ya adhana ya adhuhuri, na kila mtoto aliijua nyumba ipikwayo halwa nzuri. Jijini Nairobi mambo ni mengine. Hapa kizuri chaweza kukaa kichochoroni mwaka mzima, kisijulikane hata na jirani wa mtaa wa pili.

Haya niliyafikiri Ijumaa moja tulipotoka kuswali Msikiti wa Jamia. Mjomba wangu alinishika mkono karibu na lango, akatoa karatasi katika mfuko wa kanzu. Mjomba ni mzaliwa wa Lamu, na kwa miaka mingi sasa hupika biriani, pilau na mahamri kule Kawangware, magharibi ya jiji.

"Mwanangu," akaniambia, "hebu nisomee hii. Nimeambiwa nisipolipa, jina langu litafutwa."

Tuliingia mkahawani, mtaa wa Biashara, nikaisoma. Kijana mmoja, ambaye sitamtaja wala sitaitaja ofisi aliyodai kutoka, alitaka shilingi 15,000 kwa mwaka ili hoteli ya mjomba "iingizwe Google". Tena akiongeza 5,000, angeletewa nyota za sifa hamsini kutoka kwa "wateja".

Msomaji, usimcheke mjomba. Hofu yake ilikuwa na msingi. Siku hizi mtu wa Lavington au Kilimani akitamani biriani hamwulizi jirani. Huiuliza simu, akaenda kwa yule aliyetajwa mwanzo. Asiyetajwa ni kama hakufungua duka.

Wala jambo la kulipia jina si uzushi mtupu. Kampuni ya Yahoo ya Marekani ilikuwa na orodha kubwa ya tovuti iliyopangwa na watu kwa mikono. Tangu mwaka 1999 ikaanza kuwatoza wafanyabiashara waliotaka tovuti zao zikaguliwe upesi, na baadaye ada ikafika dola 299 kila mwaka. Orodha hiyo ilifungwa mwaka 2014. Mwaka 1998 nako kulizuka mtambo wa kutafutia ulioitwa GoTo, uliouza nafasi kwa mnada: mwenye kutaja bei kubwa kwa neno fulani, hutokea juu, na hulipa kila mtu anapobonyeza jina lake. Google nayo ilianza kuuza matangazo ya namna hiyo mwaka 2002.

Je, ni haramu kulipa ili uitwe? Nilimwonyesha mjomba dirishani, vijana waliosimama nje ya maduka ya vitambaa wakiwakaribisha wapita njia. Wale hulipwa na mwenye duka, na mpita njia analijua hilo. Dalali pia hula ujira wake, wala hakuna amlaumuye, maadamu amejulikana kuwa ni dalali. Ubaya huingia pale dalali anapojifanya jirani mwema asiye na lake. Ndiyo sababu mwaka 2002 Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani iliziandikia kampuni za mitambo hiyo kuzitaka ziwaonyeshe watu waziwazi majina yaliyolipiwa na yasiyolipiwa. Hata leo, ukitazama vizuri simuni, matangazo ya Google huwa na alama ya kuonyesha kuwa yamelipiwa.

Yaliyo chini ya matangazo hayo hayauzwi. Google imesema wazi kwamba haipokei malipo ili kuitia tovuti katika matokeo yake ya kawaida, wala kuipandisha. Na kuliandikisha duka katika ramani yake, pamoja na simu, saa za kazi na picha, ni bure. Mwenye duka huthibitisha tu kuwa ni lake, kwa simu ama kwa picha za video. Basi aliyemtaka mjomba 15,000 alikuwa akimwuzia maji ya kisima cha wakfu.

Hapa Nairobi tumekwisha kuyaona mengine ya kutuzindua. Kampuni ya Mocality ilikuwa imekusanya majina ya biashara za Kenya zaidi ya laki moja. Januari mwaka 2012 ikatangaza kuwa watu wa mradi wa Google wa kuwafungulia Wakenya tovuti walikuwa wakichukua namba katika orodha yake, na kuwapigia simu wenye maduka kana kwamba kampuni hizo mbili zina ubia. Google ilikiri kuwa orodha hiyo ilitumiwa isivyofaa, ikaomba radhi. Funzo ni kwamba mwenye kupiga simu kwa jina kubwa si lazima awe ametumwa na mwenye jina hilo.

Alasiri tulipanda matatu namba 46, tukapita Hurlingham hadi Kawangware. Mbele ya sufuria zake tuliandikisha hoteli, bila ya senti kutoka mfukoni isipokuwa za intaneti. Nikamwuliza, "Na zile nyota hamsini, mjomba?"

Alikaa kimya kidogo, kwani jirani yake anazo nyingi. Kisha akasema, "Watu wasioonja wali wangu wanisifie? Si hiyo ndiyo najash?"

Alisema kweli. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza mtu kupandisha bei au kusifu bidhaa asiyokusudia kuinunua, ili mnunuzi ahadaike. Nyota ya kununua haina tofauti na hiyo.

Wiki ya tatu mteja wa kwanza aliandika: biriani tamu, lakini ameketi muda mrefu akingoja. Akatoa nyota tatu. Mjomba alikasirika, akanitaka niifute. Nikamwambia siwezi, ila yeye aweza kujibu. Akamjibu kwa adabu, akaomba radhi, na Jumatatu akaajiri kijana wa pili wa kupakua.

Zamani miji ya Kiislamu ilikuwa na muhtasib aliyezunguka sokoni akikagua mizani. Katika soko hili jipya muhtasib hapiti kila mlango, basi kila mmoja wetu na ajikague mwenyewe: mwenye duka asinunue sifa, na mteja atazame kwanza kama aliyemwita amelipwa. Ukiletewa karatasi kama ya mjomba, usilipe kabla ya kuuliza.