Harusi Tanga: Jinsi ya kupanga meza za duara bila mgeni kubaki amesimama

Mgeni amechanga, kadi yake imeandikwa double, kaja na mkewe. Ukumbini hakuna viti viwili vya pamoja. Mmoja anakaa mbele, mwingine anatafutiwa kiti cha plastiki karibu na spika. Jambo kama hili linasemwa mtaani hata pilau likishasahaulika.

Mara nyingi viti si tatizo. Tatizo ni kamati kuhesabu kadi badala ya vichwa. Kadi 60 za double na 80 za single ni kadi 140, lakini watu ni 200.

Meza moja watu wangapi?

Meza ya duara yenye upana wa futi 5 wanakaa watu 8 kwa raha. Ya futi 6 wanakaa 10. Kwa wageni 200 zinatakiwa meza 25 za futi 5, au 20 za futi 6. Ukibanwa mtu mmoja zaidi, viwiko vinagongana.

Kati ya meza na meza iachwe kama mita 1.5, viti vikae na mhudumu apite na trei. Kwa hesabu hiyo, meza 25 za futi 5 zinakula kama mita za mraba 225, kabla ya meza kuu, muziki na sehemu ya kucheza. Ukumbi ukiwa mdogo, ni bora kujua kabla kadi hazijagawiwa.

Nani akae na nani?

Pwani jibu lipo kwenye sinia. Wanaozunguka sinia moja jamvini huwa ni watu waliozoeana. Meza nazo ziende hivyo: majirani wa Ngamiani kwao, wa kazini kwao, ndugu wa Pangani na Muheza kwao.

Double wapangwe kwanza, single wajazie. Meza ya watu 8 inachukua double 3 na single 2.

Wakwe na wazee wakae karibu na meza kuu, mbali na spika. Wenye watoto wadogo wakae pembeni, karibu na mlango.

Siku yenyewe

Namba ya meza iandikwe kwenye kadi. Wapokezi mlangoni wawe na orodha ya karatasi, maana simu huzima chaji.

Meza 2 za ziada ziachwe bila majina. Shangazi anayeshuka na basi la jioni kutoka Lushoto bila taarifa naye ni mgeni, tena mara nyingi ndiye wa kwanza kununa.